Naomba ushauri: kingozi cha mdomo wa juu, nikubali mtoto akatwe?

Habari zenu wapendwa. Niko Mbagala, mwanangu wa kwanza ana wiki sita. Kunyonya kwake ni vita: anashika titi, anavuta kidogo, anaachia, unasikia tlak, tlak, maziwa yanamchuruzika hadi shingoni. Mdomo wa juu haukunjuki nje, unajikunja ndani. Mimi chuchu zimechanika, na akiachia naikuta imebanwa upande mmoja kama kalamu iliyochongwa vibaya. Juzi nikauinua ule mdomo kwa kidole, nikaona kingozi kinene kimeshuka hadi ukingoni mwa ufizi.

Kliniki nesi kaniambia kila mtoto anacho, tuangalie kwanza ninavyompakata na kama ulimi nao haujashikwa kwa chini. Daktari wa meno wa kituo kimoja binafsi yeye anataka akikate wiki ijayo, na hata hakumtazama akinyonya! Hapo ndipo roho yangu inasita. Jirani naye kaja na habari za kukata kimeo. Huyo nilimshukuru, nikafunga mlango.

Alizaliwa kilo 3.1, sasa 3.7. Nepi analowesha sita hivi kwa siku.

Mliopitia hili, mlikata au mlisubiri akue? Mliokata, kunyonya kulibadilika kweli? Na hapa Dar nimpate wapi mtaalamu wa unyonyeshaji atakayekaa anitazame nikinyonyesha, siyo kuchungulia kinywa tu dakika mbili?