Lushoto: Mwenye nyumba kala dipoziti yangu kwa kochi lililomwagiwa maji na mlinzi wake mwenyewe!

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni wa hasira, kwa hiyo anayetafuta mada ya kucheka apite kushoto, ingawa najua mtacheka tu. Sitaji jina la mtu, sitaji jina la nyumba, namba ya simu siweki. Mods msije mkanifutia.

Jamaa kakataa kunirudishia laki mbili za dipoziti kwa sababu "kochi limelowa". Ni kweli limelowa. Aliyelilowesha ni nani? Mlinzi wake. Ndoo ya nani? Ya kwake. Sasa tulieni.

Likizo ya mwezi wa sita nikaamua familia itoke Dar ipande Lushoto ikapumzike. Mimi, mama watoto, watoto, shemeji yangu mdogo, na mama mkwe, ambaye alikuja kutusalimia akanogewa na safari. Nyumba nikaipata kwa tangazo la simu. Tangazo lenyewe ninalo mpaka leo: "Nyumba tulivu ya familia, vyumba vitatu, choo ndani, sehemu ya kuota moto, bustani ya matunda, utaamka na wanyama." Nimelisoma upya mara nyingi tangu turudi, na kinachoniuma ni kwamba halina uongo ambao unaweza kuushika mkononi.

Bustani ya matunda ipo. Picha zilionyesha miti ya plamu imezaa mpaka matawi yameinama. Kila Msambaa atakwambia plamu za kule ni za Desemba na Januari. Mwezi wa sita tulikuta vijiti. Haya, hilo nasamehe.

Barabara sina neno nayo, siyo ya kwake. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini kona zile kwa watoto waliokula chipsi Mombo... Tulisimama Soni, tukasafisha gari, tukaendelea.

Sasa njooni kwenye "choo ndani". Choo kipo ndani kweli. Kipo ndani ya chumba kikubwa, na hakina mlango mwingine. Yaani nyumba nzima ina choo kimoja, na ukitaka kukifikia lazima ukatize chumba cha baba na mama, ubavuni mwa kitanda. Na ndani ya nyumba hiyo yumo mama mkwe wangu.

Wanaume wenzangu mnaoishi kwa heshima na wakwe zenu mtanielewa. Mimi mbele ya mama yule hata kofia huwa navua. Halafu usiku, kibaridi cha Lushoto mnakijua, nyuzi joto zinashuka mpaka huko kwenye 10, na baridi haimwachi mtu mzima alale bila kuamka. Saa saba nasikia mlangoni, "Hodi... baba Nasra, samahani mwanangu." Najifunika shuka gubigubi kama maiti. Mama anapita. Kimya. Maji yanamwagwa. "Ahsante baba Nasra." Saa tisa, "Hodi..." Alfajiri, "Hodi..." Mama watoto ndiye aliyekuwa anacheka ndani ya blanketi.

Siku ya pili nikasema basi, mama alale chumba kikubwa, sisi tuhamie kidogo. Nikadhani nimetatua. Kumbe sasa mwenye kupiga hodi ni mimi, tena chumbani kwa mama mkwe, usiku wa manane! Haiwezekani. Nilikuwa natoka nje gizani kwenda choo cha shimo cha mlinzi, kule nyuma ya migomba. Mzee wa watu hakuwa na taarifa. Nimechuchumaa, tochi hii hapa usoni, "Nani wewe? Toka nikuone!" Nitoke vipi mzee wangu?

Hicho chumba kidogo nacho, ambacho ndicho cha tatu kwenye hesabu yake, ni stoo. Tulilala na majembe, gunia la mkaa na mlango wa zamani umeegemezwa ukutani. Shemeji akalala sebuleni. Kumbukeni sebule, maana ndiko liliko kochi.

Umeme ukakata jioni ya siku hiyohiyo. Nikampigia mwenye nyumba, akanijibu: "Boss, LUKU imeisha, nunua tu tutahesabiana, namba ya mita anayo mzee hapo." Mzee akanipa namba, nikanunua ya elfu ishirini. Tokeni ikaja na tarakimu zake 20, nikaingiza kwa tochi ya simu, mita inakataa. Nikaingiza tena, inakataa. Mzee akaja akaichungulia ile meseji, akatabasamu, "Aaah, mwanangu, hii mita ni ya kule kwangu." Namba ya nyumba ile hakuwa nayo, na mwenye nyumba simu yake sasa haipatikani. Kufumba na kufumbua, ng'ambo ya bonde nyumba ya mzee inang'aa taa zote na redio juu, sisi tumekaa gizani tunaisikiliza taarifa ya habari kwa mbali.

Ndipo tukarudi kwenye "sehemu ya kuota moto". Ipo, imejengwa kwa mawe, nzuri sana kwenye picha. Mzee mwenyewe ndiye aliyeleta kuni, mbichi, na mzee mwenyewe ndiye aliyeziwasha akamiminia mafuta ya taa. Bomba la moshi limeziba juu kwa viota vya ndege. Moshi haukupanda hata kidogo, wote ukaja sebuleni. Tukatoka nje mbio, watoto wanakohoa, mama mkwe kajifunga pazia maana khanga yake ilibaki ndani. Majirani wakaona moshi unatoka madirishani, wakapiga yowe la moto. Mzee aliposikia yowe alisahau kwamba moto ule ni wa kwake, akakamata ndoo akamwaga. Moto haukupata tone. Kochi lilipata ndoo tatu, na shemeji aliyekuwa amegoma kuamka akapata ya nne.

Kuhusu "utaamka na wanyama" sina la kuongeza. Kima waliingia asubuhi kupitia dirisha la jiko lisilo na kioo, wakachukua maandazi na sukari yote. Mmoja alikaa juu ya paa anatupa karatasi ya sukari chini kipandekipande tukimwangalia.

Tumeondoka kabla siku tulizolipia hazijaisha. Siku iliyobaki sijaidai. Nimedai dipoziti tu, na elfu ishirini ya umeme. Jibu alilonitumia, nalinakili kama lilivyo: "Boss kochi limelowa limetoa harufu, fundi kasema laki mbili na nusu, kwa hiyo unanidai sifuri mimi nakudai hamsini, ila nimekusamehe." Kanisamehe!

Kwa mkuu aliyeniuliza inbox kama kuna mkataba: karatasi hakuna, ila meseji zote zipo, muamala wa simu upo wenye jina lake, na picha za kochi mzee akiwa bado ameshika ndoo ninazo, shemeji alipiga kabla hajajifuta. Najua tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji zinakubalika mahakamani. Ninachoomba kwa wanasheria wa humu ni hiki: kwa hela ndogo kama hii naenda Mahakama ya Mwanzo, sawa, lakini nafungulia huku Dar niliposhughulikia malipo, au ni lazima nikafungulie Lushoto ilipo nyumba?

Kama ni Lushoto nitakwenda. Mama mkwe kashasema atapanda tena kutoa ushahidi, kwa sharti moja, chumba chake kiwe na choo chake.