Hoho zangu zinaungua ncha za majani, maji natoa Ruvu. Nisaidieni kabla sijang'oa

Mama Bondeni:
Habari za jioni wadau. Nina robo tatu ya eka ya hoho Bagamoyo, bonde la Ruvu, chini ya daraja la barabara ya Msata ukielekea baharini. Miche niliihamishia shambani mwishoni mwa Desemba, na kwa wiki za mwanzo ilipendeza hadi wapita njia wakawa wanasimama. Sasa majani ya chini yanakauka kuanzia nchani, kisha pembeni, kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Maua yanapukutika. Maharage niliyochomeka katikati ya mistari ndiyo yalitangulia kufa. Mchicha wa kando ya mfereji unanicheka tu.

Duka la pembejeo wakaniambia ni ukungu. Nimepiga dawa mara tatu, 78,000 imekwenda na maji. Mashine yangu ni ya petroli, inchi mbili, nawasha alfajiri kabla ya jua, na mpira nauzamisha hadi chini kabisa usije ukavuta hewa. Namwagilia kila siku ya tatu. Nakosea wapi?

Kijana wa Chalinze:
Hiyo bakajani dada. Ongeza dozi, changanya na busta, wiki moja tu utanishukuru.

Mvuvi Mstaafu:
Mwanangu, kabla hujaongeza dozi ya mtu: udongo ukikauka, juu ya tuta unaona unga mweupe?

Mama Bondeni:
Shikamoo baba. Ndiyo, upo. Nilidhani ni mbolea imebaki.

Mvuvi Mstaafu:
Marahaba. Hiyo chumvi. Mimi niko Pangani, nimevua miaka mingi kisha nikalima, na mto wetu una tabia hiyohiyo. Mwezi wa pili mvua za vuli zimekwisha, masika bado, mto umenywea. Na Ruvu yenu kabla haijafika kwako imeshachotwa na mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwenda Dar. Mto ukikosa nguvu, bahari inapanda.

Sasa sikiliza saa zako. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, yaani bahari inajaa na kupwa kuliko siku nyingine, na pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Kule juu mtoni maji huchelewa kidogo, yaani yanakukuta umeshika kamba ya kuwashia mashine. Halafu maji ya chumvi ni mazito, yanalala chini, yale matamu yanaelea juu. Nawe mpira umeuzamisha wapi?

Mama Bondeni:
Mungu wangu. Chini kabisa.

Kijana wa Chalinze:
Mzee, lakini mimi nimeyaonja maji ya Ruvu, hayana chumvi.

Bwana Kitalu:
Ulimi si kipimo, ndugu. Hoho huanza kupunguza mavuno EC ya maji, yaani kipimo cha chumvi, ikivuka 1,000 hivi, na maji hayo wengine tunakunywa bila kukunja uso. Maharage hata 700 yanaumia, ndiyo maana yalitangulia. Nyanya zinavumilia hadi kama 1,700. Ukipita 3,000, FAO wanahesabu ni tatizo kubwa kwa mazao mengi. Dada azima kipimo cha EC kwa mwenye kitalu, vinasoma kwa maikrosimensi. Pima juu na chini, maji yakijaa na yakipwa. Ukitaka udongo upimwe vizuri, peleka SUA, chuo cha kilimo Morogoro, au TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Muheza.

Pwani Boy:
Si achimbe tu kisima aachane na mto?

Bwana Kitalu:
Karibu hivyo na bahari? Akichimba kirefu akavuta kwa nguvu, anaweza kuivuta chumvi kwa gharama kubwa zaidi.

Fundi Mashine:
Mama, chukua dumu tupu la lita 20, lifunge vizuri, chujio la mpira ulining'inize chini yake kama nusu mita. Dumu linaelea, mpira unapanda na kushuka na maji. Hewa haitavutwa.

Mvuvi Mstaafu:
Na juu ya tuta usipande. Chumvi hupanda na unyevu ikajikusanya kileleni, miche iweke ubavuni. Ukipata maji matamu mwagilia hadi yashuke chini ya mizizi, vijikombe vya juujuu vinaiacha chumvi palepale. Tandaza nyasi kavu. Na usimwagie majani.

Sheria Mkononi:
Samahani kuingilia. Shamba liko zaidi ya mita 60 kutoka ukingoni? Na kibali cha kutumia maji cha Bonde la Wami/Ruvu unacho? Uliza mapema, siku wakija hawatauliza habari za hoho.

Mama Bondeni:
Mita 60 nimevuka. Kibali sina, nitafuatilia.

Mama Bondeni (siku kumi na mbili baadaye):
Wadau, nimerudi. Kipimo nimeazima. Siku ya bamvua, alfajiri, chini pale nilipokuwa navutia: 4,350. Juu: 1,900. Nikangoja hadi saa sita mchana maji yamepwa, juu ikasoma 820. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, nikikumbuka zile 78,000.

Sasa nakwenda na mwezi. Bamvua navuta mchana, jua na liniue. Maji mafu, siku bahari haijai sana, kupwa kwenyewe kunaangukia alfajiri, narudia saa zangu za zamani, ila napima kwanza. Majani yaliyoungua hayajarudi, lakini ya juu yanatoka safi, na jana nimeona maua yameshika. Maharage mwaka huu basi.

Fundi, dumu lako linafanya kazi, shida ni kiboko. Leo nimelikuta limepasuka, limetupwa ng'ambo ya mto, na chujio silioni.

Fundi Mashine:
Pole mama. Lilikuwa la rangi gani?

Mama Bondeni:
Njano.

Fundi Mashine:
Jaribu la bluu. Sina hakika, lakini la jirani yangu halijaguswa tangu mwaka jana.