Mrejesho: monita ya gemu kwa laki tatu na nusu, Kigoma

Wakuu, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Niliwauliza kwa laki tatu na nusu nichukue ipi: inchi 27 mpya ya 75Hz (yaani skrini inabadilisha picha mara 75 kwa sekunde), au inchi 24 ya mtumba yenye 144Hz. Kadi yangu ya picha ni NVIDIA GTX 1650. Wengi mlisema 24, nami nimechukua hiyo, paneli ya IPS (rangi hazibadiliki sana ukitazama kwa pembeni), kutoka Kariakoo.

Ile 27 niliichungulia dukani hapa mjini. Kwa 1080p (pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080) inabaki na pikseli kama 82 kwa inchi, wakati 24 ina 92 hivi. Ukikaa karibu, maandishi yanaonekana yamechakaa. Mezani kwangu hapana.

Mzigo umekuja kwa basi, boksi limebonyea kona, roho ikanipasuka. Kioo kizima. Nikafungua picha za rangi moja moja, nyeusi, nyeupe, nyekundu: pikseli moja imekufa chini kulia, karibu na saa ya Windows. Muuzaji karudisha elfu kumi na tano bila kelele, tumemalizana.

Sasa wanaofuata, sikieni: nilipochomeka, Windows ilibaki 60Hz. Ingia mipangilio ya skrini, upandishe mwenyewe. Natumia waya wa DisplayPort, na hapo FreeSync (teknolojia ya AMD ya kuoanisha kasi ya skrini na ya kadi ili picha isikatike) inakubali hata kwa kadi ya NVIDIA. Gemu ya Valorant inateleza balaa. Gemu nzito kadi haifiki picha 144 kwa sekunde, msijidanganye.

Spika haina. Stendi nayo haipandi, kwa hiyo imekalia katoni mpaka nimpate seremala.