Mfalme Charles wa Uingereza na Malkia Camilla walifuata nini Mombasa?

Jamani, ile ziara ya 2023 niliisikia juu juu. Nairobi naelewa, mambo ya Ikulu. Huku kwetu je?

— Novemba 3 walikuwa Fort Jesus, tena wakaonana na viongozi wa dini kanisa kuu la Anglikana. Mie nimetoka kununua mahamri na mbaazi, njia imefungwa! Nikazunguka hadi mbaazi zikapoa, na mfalme mwenyewe sikumwona.

— Pole ndugu yangu. Usisahau kambi ya jeshi la majini ya Mtongwe: wanamaji wetu waliofunzwa na Waingereza walimwonyesha wanavyovamia ufuo.

— Na Mau Mau? Mfalme alikiri Nairobi kuwa ukatili wa Waingereza dhidi ya Wakenya waliopigania uhuru hauna udhuru. Samahani yenyewe hakuitamka.

— Ndiyo bibi yangu akaniambia nizime televisheni.