Bolti za flaiwili, propela shafti na kalipa: 10.9, 12.9 au ARP?

TurboKimya
Wakuu habari zenu. Gari yangu naijenga upya, nguvu imepanda, sasa nimefika kwenye bolti. Machaguo ni matatu: 10.9 za kawaida (hiyo ni namba ya nguvu iliyo kichwani mwa bolti), 12.9 nyeusi za alen (kichwa chenye tundu la pembe sita), au ARP (chapa ya bolti za magari ya mashindano). Nahitaji za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), za propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) na za kalipa za mbele (zinazobana pedi za breki). Kuna jamaa kaniambia niweke 12.9 kila mahali nimalize kazi, maana ndizo ngumu kuliko zote. Oda iko tayari, nasubiri neno lenu nilipe.

GiaYaTano
ARP. Mjadala umefungwa.

Mhandisi_wa_Usiku
Haujafunguliwa hata. Mkuu, gari gani? Torki (nguvu ya kuzungusha) kiasi gani? Bolti ni M ngapi, yaani kipenyo cha mm ngapi, na flanji ya propela, ile sahani ya kuungia, ina matundu mangapi? Kalipa zinashika kwenye chuma au alumini? Unaulizia dawa bila kusema unaumwa wapi.

FundiSpana
Na ni gari la kwendea kazini au la mashindano? Usijibu "vyote viwili", kila mtu hujibu hivyo.

TurboKimya
Vyote viwili, haha. Ni injini ya silinda 4 yenye turbo, inasukuma magurudumu ya nyuma, torki kama Nm 450. Propela ina bolti 4 za M10, kalipa ni M12. Mengine sijapima, gari iko juu ya stendi.

Mhandisi_wa_Usiku
Afadhali. Tuanze na propela, maana hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Namba ya kwanza kichwani ukiizidisha kwa 100 unapata MPa (kipimo cha mvuto kwa eneo la chuma) ambazo bolti inahimili kabla ya kukatika. Ya pili ni sehemu ya kumi ngapi ya hizo ambapo inaanza kuvutika bila kurudi. Kwa hiyo 10.9 ni MPa 1000 na inaanza kuvutika kwenye 900, 12.9 ni 1200 na 1080. Kwa karatasi 12.9 imeshinda.

Lakini flanji haishikwi na ugumu wa bolti, inashikwa na msuguano wa sura mbili zilizobanwa. M10 ya 10.9 ikikazwa vizuri inabana kama kN 36 (kilonewtoni, kipimo cha nguvu). Nne ni 144. Weka msuguano wa 0.15 na duara la bolti lenye nusu kipenyo cha mm 40: unapata kama Nm 860 kabla flanji haijaanza kuteleza. Gia ya kwanza ikiwa 3.5, injini yako inaipelekea propela karibu Nm 1,575, bado hujaachia klachi kwa fujo. Ukienda 12.9 unafika kama Nm 1,000. Bado haitoshi. Ukibaki na 10.9 ila ziwe sita, unafika karibu 1,300.

Kinachobaki kinabebwa na shina la bolti likikatwa kwa upande. Ndiyo maana pale flanji zinapokutana panatakiwa shina laini linalojaa tundu, siyo nyuzi. Zile alen zenye nyuzi hadi kichwani zisahau, hata ziwe 20.9.

GiaYaTano
Ndiyo nasema ARP.

Mhandisi_wa_Usiku
Kwa flaiwili sibishani nawe. Chuma chao cha 8740 ni psi 200,000, karibu MPa 1,380, na zinakuja na maelezo ya kukaza na mafuta yake. Ila ARP yenye urefu usio wake haina maana yoyote.

Chumachakavu
Yule jamaa wa "12.9 kila mahali" naomba mumsomee hii.

Karakana niliyokuwa nafanya kazi ililetewa gari na mteja aliyetaka kila kitu king'ae. Alikuja na bolti zake mwenyewe, alen za 12.9, M8, za kuunganisha diski ya breki na kofia yake ya alumini. Zilitoka kiwandani nyeusi. Yeye akazipeleka kuchovywa zinki ya umeme, zikarudi rangi ya dhahabu. Nzuri kweli. Tulizikaza kwa spana ya torki, kwa mkingamo, hatua kwa hatua, kila kichwa tukakipiga mstari wa rangi nyeupe. Gari halikutoka nje hata kidogo.

Asubuhi kijana anafagia, fagio likasukuma kitu kikalia sakafuni. Kichwa cha bolti, bado kina mstari wetu mweupe. Akainama, akakuta kingine chini ya stendi. Nikaweka ufunguo wa alen kwenye iliyofuata kuipima tu, kichwa kikanifuata mkononi. Hakuna aliyeigusa gari usiku ule, hakuna breki iliyokanyagwa.

Pale ilipokatika palikuwa bapa, chembechembe zinazometa, hakuna kuvutika wala kupinda, na zote zimekatikia palepale shina linapokutana na kichwa. Hiyo ni haidrojeni. Inaingia kwenye chuma wakati wa kuoshwa kwa asidi na kuchovywa, na chuma kikiwa kigumu kiasi cha 12.9 hakivumilii. Bolti inakubali kukazwa leo, inakatika baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Dawa yake ni kuoka kwenye nyuzi joto kama 200 kwa saa nyingi mara tu baada ya kuchovya, na aliyezichovya hakuoka. Mteja alilalamika kwamba tumezikaza kupita kiasi. Nilimwonyesha karatasi ya torki, akasema karatasi inaweza kuandikwa chochote.

Sasa fikiria zingesubiri hadi yuko kasi 140.

TurboKimya
Duh. Kwa hiyo 12.9 ni mbaya?

Chumachakavu
Sijasema mbaya. Ikiwa nyeusi, kutoka kiwanda kinachoeleweka, mahali pakavu, inafanya kazi. Ikitakiwa kinga ya kutu, tafuta zile za kupakwa zinki ya vipande vidogo na kuokwa, haziingizwi umeme. Ila ya kung'aa ya 12.9 usiyojua ilikotoka, iache hapo hapo. Kwenye breki mimi naweka 10.9 na nalala.

PuaTupu
Mimi kalipa na diski zote nimeweka bolti za chuma cha pua. Miaka inakwenda, hakuna kutu.

FundiSpana
Kwenye breki?! Soma kichwa chake. Kama imeandikwa A2-70 hiyo ni MPa 700, iko chini ya 8.8. Na chuma cha pua kwa chuma cha pua kinang'ang'aniana, nati inakwama katikati ya safari, huikazi wala huifungui. Weka kwenye kifuniko cha taa.

PuaTupu
Haijawahi kukatika.

FundiSpana
Haya. Mimi bolti yoyote nikiifunga naiwekea wosha ya springi na hailegei.

Mhandisi_wa_Usiku
Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo wosha ikishabanwa imekuwa wosha bapa. Junker, mhandisi Mjerumani, alionyesha mwaka 1969 kwamba kinacholegeza bolti ni mtikisiko wa kwenda upande, sehemu zikiteleza kidogo kidogo. Bolti iliyobana vya kutosha haiachi ziteleze. Wosha za kabari zinazouzwa jozi hizo sawa.

FundiSpana
Junker hajawahi kufunga injini ya lori. Naendelea na springi zangu.

BibiTorki
Wakati mnagombana, hakuna aliyemuuliza mtoto wa watu atakaza na nini na juu ya nini. Ile M10 ya 10.9 ikiwa kavu inataka kama Nm 72 ili ibane hizo kN 36. Ipake grisi, kaza kwa Nm 72 zilezile: inafika kama kN 51 na kipimo chake cha kuhimili bila kuharibika ni 48. Umeshaiharibu na spana imekuambia "tiki" kwa adabu. Fuata namba ya hali uliyonayo, kavu au yenye mafuta.

Na kwenye breki usiweke nati zenye pete ya nailoni, mwisho wake ni nyuzi joto 120. Loctite 243, gundi ya kufunga nyuzi za bolti, inafika 180. Karibu na diski tumia nati za kujifunga zenyewe za chuma tupu.

TurboKimya
Nimeangalia kalipa. Kile kipande kinachobeba beringi ya gurudumu, ambako bolti zinaingia, ni alumini.

Chumachakavu
Basi 12.9 haikusaidii lolote, nyuzi za alumini zitatoka kwanza. Hakikisha M12 inaingia ndani mm 18 hadi 24. Ukiweza weka stadi (bolti zisizo na kichwa) za kudumu na nati ya chuma nje, usiwe unazungusha nyuzi za alumini kila ukibadilisha pedi.

GiaYaTano
Stadi za ARP.

TurboKimya
Na flanji ya propela, nikitoboa matundu mawili zaidi ziwe sita? Nina drili nzuri.

Mhandisi_wa_Usiku
Ya mkononi?

TurboKimya
Ya mkononi lakini ina stendi.

Mhandisi_wa_Usiku
Hapana. Hapo unatafuta mtetemo wa bure. Tundu likikosea kidogo tu, bolti mbili zinabeba kazi ya sita. Hiyo ni kazi ya mashine ya kuchonga, na sita hazigawanyiki vizuri kwenye duara la nne, labda nane.

BibiTorki
Au atafute flanji ya gari kubwa zaidi ya aina hiyo hiyo, yenye bolti za M12. Spana yako ya torki ilipimwa lini?

TurboKimya
Hupimwa?

FundiSpana
Weka picha ya flanji kwanza, na rula pembeni.