Mama ameteleza kwa ngazi za ploti akavunjika mkono, landlodi anasema haimhusu. Nifanyeje?

Mpangaji_Umoja
Wasee habari zenu, naomba mnisaidie maana kichwa imejaa. Naishi Umoja hapa Nairobi, floo ya tatu, mwaka wa nne sasa, kodi sijawahi kuchelewesha hata siku moja. Mamangu alikuja kunitembelea kutoka Kitui, Jumatatu saa kumi na moja asubuhi akashuka kuwahi matatu arudi. Sasa keateka wetu huosha ngazi usiku na sabuni ya unga, hapigi mopu, anaacha maji yajikaushe yenyewe, na taa ya floo ya pili imekufa tangu Machi. Kuna tailzi moja pale kwa kona imelegea, ukiikanyaga inacheza kama jino la mtoto. Mama akaikanyaga, miguu ikamtoka, akashuka stepu kama sita na makalio huku amejishika na mkono wa kulia. Umevunjika hapo kwa kifundo. Eksirei, plasta na dawa nimetoka na 18,400 na bado kuna kliniki ya kurudi. Na mama anasuka vyondo, huo mkono ndio unamlisha.

Nikampigia landlodi akaniuliza ati "kwani ni mimi nilimsukuma?" Tena akanikumbusha kwa geti kuna bango UONGOZI HAUTAHUSIKA NA AJALI YOYOTE na kwa agrimenti niliyosaini pia imeandikwa hivyo. Ukweli ni upi? Na nikisumbua sana si atanipa notisi?

KijanaWaKayole
Pole sana kwa mama. Lakini kuanguka ni kuanguka bana, tukishtakiana kwa kila kuteleza korti zitajaa hadi barabarani. Alikuwa amevaa nini kwa miguu?

Mpangaji_Umoja
Raba za kufunga kamba. Patipati zilikuwa kwa begi, kabla uulize.

Karani_Mstaafu
Huyo wa Kayole ana nusu ya ukweli. Kuanguka peke yake hakukupi pesa, lazima uonyeshe kulikuwa na hatari, mwenye mahali aliijua au alifaa kuijua, na hakufanya kitu mtu mwenye akili timamu angefanya. Sheria yenyewe hapa Kenya ni Occupiers' Liability Act, Sura ya 34. Inasema anayekalia mahali ana wajibu wa kuchukua tahadhari ya kawaida ili mgeni aliyeingia kwa ruhusa awe salama kiasi. Sasa "anayekalia" hapo si lazima awe mwenye hatimiliki, korti inaangalia nani ana amri juu ya hapo mahali. Ndani ya nyumba yako ni wewe, mama angeteleza jikoni kwako ungejilaumu mwenyewe. Lakini ngazi, korido na geti ziko mikononi mwa landlodi, ndiye ameandika keateka na ndiye analipa stima ya hizo taa.

Bango lisikutishe. Onyo peke yake halimwokoi mtu mpaka liwe la kutosha kumfanya mgeni awe salama, na bango la geti halikumwambia mama kuna tailzi imelegea gizani floo ya pili. Na hiyo agrimenti ni yako na landlodi, mama hakuisaini. Hiyo sheria yenyewe inasema mkataba wenu hauwezi kupunguza wajibu alio nao kwa wageni wako. Landlodi wengi hapa hawajui hii kitu, na wapangaji ndio kabisa.

Alafu mwenye kesi ni mama, si wewe. Ana miaka 3 tangu siku ya kuanguka, lakini usingoje. Kama madai hayazidi milioni 1 kuna Korti ya Madai Madogo, Milimani wako nayo, madhara ya mwili wanasikiza, wakili si lazima na kesi inafaa iishe ndani ya siku 60. Anza na barua ya madai, weka risiti zote, ripoti ya daktari, na andikisha tukio kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi.

Mama_Soko
Kwanza piga picha ya hiyo tailzi LEO. Mimi shemeji yangu alianguka kwa soko ya kaunti, tukakaa tukibembelezana na wakubwa, kumbe serikali unaishtaki ndani ya miezi 12 tu. Tulifika tumechelewa.

NinaPlotiMimi
Niseme upande wetu pia. Wapangaji wanamwaga maji wakitoka kuteka na wanaiba balbu, nimenunua balbu mpaka nimechoka. Kama nimepeleka fundi anayejua kazi na nikaangalia kazi yake, sheria inaweza kunitetea fundi akikosea. Na mgeni akishuka mbio huku anatype kwa simu korti inakata sehemu ya malipo kwa makosa yake. Lakini taa tangu Machi, hapo sina la kumtetea mwenzangu. Ulimwambia mtu lakini?

Mpangaji_Umoja
Nimetafuta kwa WhatsApp sasa hivi. Aprili nilimtumia keateka video ya hiyo tailzi ikicheza, akajibu "sawa ntaambia mzee na balbu ntaleta". Iko hapa na tarehe yake.

Karani_Mstaafu
Usifute hiyo simu. Usiiuze. Hata skrini ikipasuka weka hivyo hivyo. Keateka akijua ni kama landlodi amejua.

KijanaWaKayole
Haya nimerudisha maneno yangu. Na notisi?

Karani_Mstaafu
Notisi anaweza kutoa akitaka, hilo siwezi kukudanganya. Lakini ukihama deni la mkono wa mama halihami na wewe. Mwandikie kwa heshima, omba gharama za hospitali kwanza, wengi hulipa hapo wakiona umejipanga.

Mpangaji_Umoja
Asanteni sana. Barua nimeandika, mama ameweka dole gumba la kushoto maana kulia kuna plasta. Saa hii nimetoka kazini nikapata fundi ameinama kwa ngazi na simiti, balbu mpya inawaka juu yake. Picha nilikuwa nimepiga asubuhi na jirani wa floo ya pili alishuhudia. Fundi ameniuliza kama kuna kingine kimelegea kwa nyumba yangu, ati mzee amesema amalize zote leo.