Juzuu la 34 la Attack on Titan: kurasa za nyongeza ziliokoa mwisho au zilizidi kuuharibu?

Msomaji wa Kabwe
Kamwene wadau wa nyanda za juu. Nimerudia juzuu la 34, lile la mwisho, la Attack on Titan, katuni ya Kijapani ya watu waliojificha nyuma ya kuta wasiliwe na majitu, na leo nataka tubishane kwa hoja. Wengi wenu mlisoma sura ya 139 ilipotoka kwenye jarida Aprili 2021, mkachukia, na hamkugusa tena. Juni mwaka uleule juzuu likatoka, na Isayama, mchoraji wake, alikuwa ameongeza kurasa chache mwishoni. Mimi nasema kazi yote aliyoianza 2009 inasimama au inaanguka kwenye kurasa hizo.

Kwa ambao hamkuziona: kwenye jarida tuliachwa na Mikasa amekaa chini ya mti alipozika kichwa cha Eren, shujaa wa hadithi aliyempenda na kumuua mwenyewe, ndege akamzungushia skafu shingoni, basi. Kwenye juzuu, mti unabaki palepale na miaka inapita mbele yake. Mikasa anakuja na mwanamume tunayemwona mgongo tu (sote tunajua ni Jean, askari mwenzao) pamoja na mtoto. Anazeeka. Analala kwenye jeneza na maua, skafu bado iko shingoni. Nyuma yake mji unakua, maghorofa yanapanda, kisha ndege za vita zinakuja na mji wote unateketea. Msitu unafunika magofu. Mwisho kijana na mbwa wake wamesimama mbele ya mti uliokuwa mkubwa mno, shina lina uwazi kama ule aliotumbukia Ymir, msichana wa kwanza kupata nguvu za majitu, zamani.

Bila kurasa hizo unabaki na Eren aliyetumia majitu kukanyaga asilimia 80 ya watu wa nje ya kisiwa na kununua amani. Zikiwepo, unaona hakununua amani yoyote. Alichopata ni rafiki zake kuzeeka. Ni hicho tu, kwa bei ile. Naona huo ndio ukweli ambao hadithi ilikuwa inatupeleka tangu ukuta wa kwanza ulipovunjwa. Je, alifanya sawa kuziongeza, au angeishia kwenye skafu?

Fundi Simu Mwanjelwa
Kaka, unatetea kiraka. Mwisho ulikuwa mbovu, watu wakapiga kelele, akaongeza kurasa. Na hazigusi kidonda chenyewe, yaani Armin, rafiki yake wa utotoni, kumshukuru Eren kwa kuwa muuaji wa halaiki kwa ajili yao. Armin! Yule aliyekuwa anatafuta njia ya mazungumzo kila sura! Halafu Eren analia kwamba hataki Mikasa apate mwanamume mwingine, amkumbuke angalau miaka kumi. Miaka yote namsoma mtu jasiri, mwisho ananiletea mtoto wa kulialia.

Dada wa Mafinga
Mtoto wa kulialia? Fundi, Eren ana miaka 19 pale. Kumi na tisa. Amemwona mama yake akiliwa, amekuwa askari akiwa mtoto, anajua anakufa kesho, na anayezungumza naye ni rafiki yake wa utotoni. Ulitaka atoe hotuba? Mimi nina wadogo zangu wa umri huo, najua wanavyoongea wakijua hakuna mtu mzima anayewasikia. Ule ukurasa ndio uliofanya nimwamini tena. Nyinyi wanaume mlimpenda alipokuwa kimya na nywele ndefu, mkadhani kimya ni ujasiri.

Fundi Simu Mwanjelwa
Dada, sikusema asilie. Nimesema asilie kuhusu mapenzi wakati nje majitu yanakanyaga watoto. Na hapa haihusiani na wanaume.

Dada wa Mafinga
Inahusiana. Mikasa akilia kuhusu mapenzi mnasema mwandishi hamjui mwanamke. Eren akilia mnasema mwandishi kaharibu mwanamume. Na Ymir, aliyempenda mfalme aliyemtesa, akakaa kwenye pendo hilo miaka elfu mbili, hamumtaji kabisa, na yeye ndiye ufunguo wa juzuu zima. Alikuwa anasubiri kuona mtu anayependa na bado anaweza kukataa. Mikasa alimkata kichwa mtu aliyempenda. Hapo ndipo nguvu za majitu zilipokwisha. Eren hakuzimaliza, Mikasa ndiye aliyezimaliza.

Mzee wa Igawa
Watu wazima mnalilia kichwa cha katuni, na mbolea ya ruzuku huku kwetu watu wanapanga foleni tangu alfajiri. Nchi hii ina kazi.

Kiazi cha Isyonje
Mzee shikamoo. Mimi nalima viazi, mbolea nimeshaweka, na jioni nasoma. Hakuna sheria inayosema mkulima akimaliza shamba aangalie ukuta. Babu zetu walikuwa wanakaa jikoni na hadithi za majitu yanayomeza watu, na hakuna aliyewaambia waende shamba usiku.

Kuhusu mada: nakazia hoja ya mleta mada. Kurasa zile zilinikera mara ya kwanza. Sasa naona zisingekuwepo, kila anayesema "tuwamalize wao kabla hawajatumaliza sisi" angeshika juzuu hilo kama ushahidi.

Mtoto wa Kalenga
Nyote mnapita juu ya jambo moja. Kwa nini Mikasa alikimbia na kichwa? Kwenye sura ya 139 anamwambia Armin kwamba akibaki pale, hawatamwacha Eren azikwe inavyostahili. Anakibeba mwenyewe mpaka kisiwani, mpaka kwenye mti waliokuwa wakilala wakiwa watoto.

Sisi wa Kalenga hatuhitaji kuelezwa. Mkwawa alijipiga risasi 1898 ili Mjerumani asimkamate akiwa hai, na kichwa kikachukuliwa kikaenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukasema kirudishwe, na hakikurudi mpaka wakati wa uhuru. Mimi nilipofika kwenye picha ile ya Mikasa na kifurushi kifuani nilifunga simu nikakaa. Kwetu hakukuwa na Mikasa.

Na niseme wazi: Eren ni Mkwawa aliyepewa nguvu ya kushinda. Ukuta wa Kalenga ulivunjwa kwa mizinga Oktoba 1894. Angekuwa na majitu nyuma ya ukuta ule, mngemlaumu?

Mwalimu wa Ipogolo
Kilirudi 1954, si wakati wa uhuru. Gavana Twining alikitoa kwenye makumbusho ya Bremen na kukikabidhi Kalenga, na kipo kwenye makumbusho ya Kalenga mpaka sasa. Tulete tarehe sahihi, vijana wanasoma hapa.

Fundi Simu Mwanjelwa
Na wapo wanaohoji kama ni chenyewe. Twining alichagua kwa kupima kati ya mafuvu mengi.

Mtoto wa Kalenga
Fundi, hilo usiliseme kama unazungumzia kioo cha simu. Familia ilikipokea. Wazee walikipokea. Wewe wa Mwanjelwa unakuja kuhoji?

Msangu wa Utengule
Nilikuwa nasoma kimya, lakini hapo kwenye "Eren ni Mkwawa, mngemlaumu?" nimeshindwa.

Ndugu wa Kalenga, ushujaa wa Lugalo 1891 hakuna anayeupinga. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alikuja na mizinga na alipigwa, na mimi najivunia kama Mtanzania. Lakini kabla ya Mjerumani palikuwa na watu wengine upande wa pili wa ukuta wenu. Wahehe wa Munyigumba, na mwanawe Mkwawa baada yake, ndio waliomfanya Merere, mtemi wetu Wasangu, aondoke Usangu na kwenda kujenga Utengule ya Usongwe, huku karibu na Mbalizi. Watu walihama na watoto na ng'ombe. Merere aliposimama upande wa Mjerumani, nyinyi mnatuita wasaliti mpaka leo kwenye vijiwe. Kwetu, jitu la ukutani lilikuwa linatoka Iringa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Mkwawa angekuwa na majitu ningemlaumu au la, jibu langu ni kwamba mimi nisingekuwepo kukujibu.

Mtoto wa Kalenga
Sasa umeleta ya Wasangu. Nani alianza? Kabla ya Munyigumba, Wasangu ndio waliokuwa wakubwa wa ukanda huu, na ndio waliokuwa wakiingia Uhehe kuchukua ng'ombe na watu. Mlipozidiwa ndipo mkakumbuka kwamba vita ni vibaya. Na kwenda kumpokea mgeni mwenye bunduki ili akurudishie kiti, jina lake lipo.

Msangu wa Utengule
Jina lake ni kutaka kurudi nyumbani.

Nkamu wa Tukuyu
Hasira za Kihehe hizo jamani, mtu wa Kalenga apewe ulanzi kwanza 😄

Mtoto wa Kalenga
Nkamu, utani naujua na siku nyingine ningekujibu. Leo sitanii. Nimezungumzia kichwa cha mtu aliyezikwa bila kichwa kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nkamu wa Tukuyu
Sawa ndugu yangu. Pole.

Msomaji wa Kabwe
Wadau, narudi kwenye juzuu, maana nyinyi wawili mmelisoma vizuri kuliko sisi sote bila kutaka.

Angalieni mlichoandika. Msangu anasema Wahehe walitufukuza. Mtoto wa Kalenga anasema Wasangu walianza. Eldia, watu wa kina Eren, waliwatawala Marley, taifa la ng'ambo, karne na karne, Marley wakageuza meza wakawafungia Waeldia kwenye mtaa wa Liberio na vitambaa mkononi, Eren akavuka bahari, na baada ya Mikasa kuzikwa, ndege za vita zikaja. Kwenye kurasa za nyongeza hatuambiwi ndege zile ni za nani. Hakuna bendera, hakuna jina. Nimezikuza picha zile nikitafuta alama, sikuona. Nadhani Isayama aliacha hivyo makusudi, kwa sababu angeweka bendera tungeanza kuhesabu nani alianza.

Fundi Simu Mwanjelwa
Unampa sifa nyingi. Mwandishi mwenyewe alipokwenda New York Novemba 2022 alikuwa na machozi, akawaambia mashabiki bado anahangaika na mwisho ule. Mtu aliyepanga kila kitu hahangaiki hivyo. Na kwenye sehemu ya mwisho ya anime, ile ya runinga ya Novemba 2023, mazungumzo ya Armin na Eren yakaandikwa upya. Armin hamshukuru tena kwa mauaji. Anabeba sehemu ya dhambi na kusema watakuwa pamoja jehanamu. Hapo ndipo palipoponywa, na si kwenye mti. Mimi nasema mwisho wa kweli uko kwenye anime, juzuu la 34 ni rasimu.

Dada wa Mafinga
Fundi, kwa hilo la Armin nakubali. Maneno ya anime ni bora, na naona aibu kwa Armin wa kwenye juzuu. Lakini usiite rasimu kitu ambacho mtu alichora kila mwezi kuanzia akiwa na miaka ishirini na kitu. Mwandishi anaruhusiwa kulia juu ya kazi yake.

Kiazi cha Isyonje
Mimi niko na Msangu kwenye hili. Tatizo la juzuu si Armin wala skafu. Asilimia 80 hawana nyuso. Tunamwona yule mvulana mkimbizi, Ramzi, na ndugu yake wanakanyagwa, juzuu moja kabla. Wakaniuma kuliko kifo chochote cha askari. Juzuu la 34 lilipofika, wale waliobaki wa nje wako wapi? Tunawaona wachache ukingoni mwa mwamba kule Salta, wanapona, wanakumbatiana. Kisha miaka mitatu imepita na tunafuata meli ya kina Armin wakienda kujadiliana amani. Ningependa ukurasa mmoja tu wa mama aliyerudi mahali palipokuwa mtaa wake na kukuta udongo tambarare. Mleta mada anasema kurasa za nyongeza ni za ukweli. Ni ukweli wa kisiwani. Mti ni wa kisiwani, jeneza ni la kisiwani, hata mji unaolipuliwa ni wa kisiwani.

Msangu wa Utengule
Hicho ndicho nilichokuwa nataka kusema nikashindwa kwa hasira. Asante.

Mtoto wa Kalenga
Kiazi, hapo umenigusa pabaya. Lakini hadithi inafuata watu wake. Huwezi kuwaandika wote. Makumbusho ya Kalenga hayaelezi ya Usangu, na ya Usangu mkiyajenga hayataeleza yetu.

Msangu wa Utengule
Tukijenga, nitahakikisha yanaeleza. Na wewe utakaribishwa, usije na rungu.

Mwalimu wa Ipogolo
Msangu, ukipata wazee wa kusimulia habari za Merere na boma la Usongwe niandikie. Nimekuwa nikifundisha Lugalo kila mwaka, na upande huo kitabu cha darasani hakinipi kitu cha kushika.

Mzee wa Igawa
Marahaba Kiazi. Huyo Ramzi ni nani? Alikuwa mtoto wa miaka mingapi?

Kiazi cha Isyonje
Mdogo tu, mzee. Alikuwa anaiba ili familia yake ihame kwenye mahema waingie nyumba. Eren alimwokoa siku moja alipokuwa anapigwa na watu, huku akijua kwamba ni yeye atakayemuua. Akamlilia na kumwomba radhi palepale, mtoto haelewi lugha. Nina picha za sura ile kwenye simu, nikija Igawa siku ya gulio nitakuonyesha.

Mzee wa Igawa
Njoo nazo.

Binti Makambako
Habari zenu. Sijasoma majibu yote, ni mengi. Mimi swali langu ni moja kuhusu juzuu la mwisho: mtoto wa Historia, yule malkia, ni wa Eren au si wa Eren?

Fundi Simu Mwanjelwa
Si wa Eren. Ni wa yule mkulima, imechorwa.

Dada wa Mafinga
Imechorwa, ndiyo. Lakini Fundi, niambie kwa nini alizungumza na Eren kuhusu kuzaa mtoto kabla ya kumwambia huyo mkulima.